Somo la Kiasi cha Dau katika Kamari ya Mpira wa Kikapu

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharimisha watu kula mali zao kwa batili. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Yamezuka miongoni mwa vijana wa Kiislamu, na baadhi ya watu wazima pamoja nao, maneno ambayo wazee hawakuyasikia. Zamani mcheza kamari alikuwa akijificha, na akionekana hutahayari. Siku hizi yuko mwenye kusema waziwazi kwamba yeye hachezi kamari bali afanya hesabu. Atazama katika simu yake michezo ya mpira wa kikapu ya Marekani, asoma nguvu na udhaifu wa kila timu, ajua ni nani mgonjwa na ni nani aliyesafiri jana, wala hatii dau ila sehemu 2 katika kila 100 ya fedha zake. Na kwa kuwa amepima kiasi, aona ya kuwa ametoka katika jina la kamari na kuingia katika jina la biashara.

Maneno haya hayafai kujibiwa kwa makelele. Mwenye kuyasema aghalabu ni mtu mwenye akili, amesoma, na labda Sala haimpiti. Aliyekuja na hesabu yastahiki ajibiwe kwa hesabu kwanza, kisha kwa sharia, ili asipate kusema kwamba waliomkataza hawakuelewa alitendalo.

Mpira wa kikapu wenyewe hauna lawama. Ulianzishwa mwezi wa Desemba mwaka 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na mwalimu aitwaye James Naismith, aliyetaka vijana wake wapate la kuchangamsha viungo ndani ya nyumba wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya matunda, na jina likatoka hapo. Mchezo wa kuutia mwili nguvu, maadamu hauachishi Sala wala haufunui uchi, hakuna mwanachuoni aukatazaye. Na wako Waislamu waliosifika kwao. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alikuwa akifunga Ramadhani huku akiichezea timu ya Houston, na katika Februari ya mwaka 1995, mwezi ulioangukia Ramadhani, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwezi. Neno basi si la mpira. Neno ni la fedha iwekwayo juu ya mpira na mtu ambaye hata kuugusa haugusi.

Asiyeijua kazi ya nyumba za kamari hudhani kwamba mwenye nyumba hushindana na wachezaji kwa kubahatisha kama wao. Sivyo. Yeye ni mfano wa dalali aliyekaa baina ya pande mbili, na ujira wake ameuficha ndani ya bei. Katika mpira wa kikapu timu mbili mara nyingi hazilingani nguvu, na kila mtu angaliweka fedha kwa mwenye nguvu. Basi ikatungwa hila ya kumkata pointi mwenye nguvu, na husemwa kwamba aliyeitunga ni Charles McNeil, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, akaifanyia kazi katika mji wa Chicago miaka ya 1940. Timu yenye nguvu hukatwa mathalan pointi 7: mwenye kuichagua hapati kitu ila ikishinda kwa zaidi ya 7, na mwenye kuichagua dhaifu hupata hata ikifungwa, madhali haikufungwa kwa 7 au zaidi. Muradi ni mizani ilingane, pande zote mbili ziwe karibu sawasawa, kama sarafu irushwayo juu.

Kisha huja bei. Desturi ya Marekani ni kwamba anayetaka kupata dola 100 huweka dola 110. Akishinda hurudishiwa 110 zake pamoja na 100. Akishindwa, 110 zimekwenda. Ahesabu sasa mwenye kupenda hesabu. Mtu aliyecheza mara 100, akashinda 50 na kushindwa 50, amepata dola 5,000 na amepoteza dola 5,500. Hakukosea zaidi ya alivyopatia, na juu ya hayo ametoka na khasara ya dola 500 katika dola 11,000 alizopitisha mezani, nayo ni sehemu 4 na nusu katika kila 100. Ili asipate wala asipoteze, yampasa ashinde zaidi kidogo ya mara 52 katika 100. Huo ndio ujira wa dalali, na hulipwa na kila mtu, mjuzi na mjinga.

Na lile liitwalo mkeka ni baya zaidi. Mtu huchagua michezo 5 kwa pamoja, na hapati kitu ila yote 5 itoke kama alivyosema. Kwa michezo iliyolingana nguvu, tumaini lake ni moja katika 32. Haki ingalikuwa alipwe mara 32 ya alichoweka. Bei zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, hulipwa mara 25 na kitu. Ujira wa dalali uliokuwa sehemu 4 na nusu katika 100 umepanda ukapita 20, na vijana huupenda mkeka kuliko mchezo mmoja kwa kuwa dau ni dogo na ahadi ni kubwa.

Hapo ndipo lilipo suala la kiasi. Wako wenye kufuata njia ya kuzidisha: akishindwa dola 10 huweka 20, akishindwa huweka 40, na hivyo hivyo, akiamini ya kuwa siku atakayoshinda atarudisha yote na kubakiwa na 10. Mtu huyu akishindwa mara 10 mfululizo amekwisha toa dola 10,230, na ili aendelee atahitaji dola 10,240 nyingine, yote hayo kwa kutaka 10. Atasema kwamba mara 10 mfululizo ni jambo la nadra, na kweli kwa sarafu ni mara moja katika 1,024. Lakini ligi ya NBA ina timu 30, na kila timu hucheza michezo 82 kwa msimu, jumla michezo 1,230. Anayecheza kila usiku mwaka baada ya mwaka huiendea nadra hiyo kwa miguu yake.

Wengine huweka sehemu kubwa ya walicho nacho, mathalan moja katika 5. Hata kama bei ingalikuwa ya haki, bila ya ujira wa dalali, mtu aliyeshinda mara moja na kushindwa mara moja kwa kuweka moja katika 5 harudi alipokuwa: 100 yake imekuwa 120, kisha 96. Akirudia hivyo mara 20, kushinda na kushindwa sawasawa, hubakiwa na 44. Wengi wamefilisika na daftari zao zikionyesha kwamba walipatia nusu ya michezo.

Mwenye elimu zaidi atasema kwamba yeye hafuati ujinga huo, bali afuata kanuni ya Kelly. John Kelly alikuwa fundi wa elimu katika maabara ya Bell, ya kampuni ya simu ya Marekani, na mwaka 1956 aliandika makala juu ya khabari zipitazo katika waya. Akapiga mfano wa mcheza kamari anayeletewa khabari ya matokeo kabla ya wenziwe, lakini kwa waya wenye kelele, asiweze kuiamini yote. Je, aweke kiasi gani ili mali yake ikue upesi bila ya kufilisika? Ajabu ni kwamba kanuni hiyo ilizaliwa katika nyumba ya simu, na leo kamari yenyewe yaingia majumbani kwa simu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kwa bei ya 110 kwa 100, huchukuliwa mara azitarajiazo mtu kushinda katika 100, na kupunguzwa mara za kushindwa zilizozidishwa kwa 1.1. Kinachobaki ndicho kiasi cha kuweka katika kila 100 ya mali. Mwenye kushinda kwa yakini mara 55 hupunguza 45 zilizozidishwa, yaani 49.5, hubaki 5.5. Mwenye kushinda mara 53 hupunguza 51.7, hubaki 1.3. Na mwenye kushinda 50, kama alivyo aliye wengi, hupunguza 55. Hubaki upungufu wa 5. Yaani kanuni yamwambia kwamba kiasi chake ni sifuri, na lau ingaliwezekana kuweka chini ya sifuri ingalimwambia afanye hivyo. Si shekhe aliyesema haya, wala si khutba ya Ijumaa. Ni hesabu ile ile anayojifakhirisha nayo kijana, iliyoandikwa na mtu asiyekuwa na shughuli na halali wala haramu.

Akisema: Lakini mimi nimeshinda mara 55 katika 100, na daftari hili hapa. Huambiwa: Wakikusanywa watu 100 wasiojua lolote juu ya mpira, kila mmoja akarusha sarafu mara 100, wapata 18 miongoni mwao watapata 55 au zaidi. Hao 18 ndio watakaozungumza barazani. Wale 82 watanyamaza. Daftari la michezo 100 halitoshi kumpambanua mwenye elimu na mwenye bahati, na mpaka afikie michezo ya kutosha kupambanua, mali nyingi itakuwa imekwisha kupita mkononi mwa dalali. Na akiwa ni katika wachache mno waliothubutu kuwa na elimu hiyo, kampuni za kamari humjua upesi. Humpunguzia kiasi anachoruhusiwa kuweka au humfungia mlango. Duka gani humfukuza mnunuzi kwa kuwa ni hodari wa kununua?

Pana na hesabu nyingine, nayo haimo katika vitabu vya Kelly. Mtu amsifuye nafsi yake kwa kuweka sehemu 2 tu katika 100 kila usiku, tena hali ya kushinda nusu na kushindwa nusu, hutoa kwa wastani, kama ujira wa dalali, sehemu 4 na nusu katika 100 ya zile 2. Ni kidogo sana kwa usiku mmoja. Lakini zikihisabiwa nyusiku 28, kilichotoka kimepita robo ya ushuru, yaani sehemu 2 na nusu katika 100 ya mali yote. Robo ya ushuru ndiyo Zaka ya fedha ya mwaka mzima. Basi mtu huyu, katika muda usiotimia mwezi, amekwisha kuwatolea wenye nyumba ya kamari zaidi ya kile ambacho Mwenyezi Mungu amemtaka awatolee masikini baada ya kupita mwaka, tena akiwa na nisabu na baada ya kukidhi haja zake. Na msimu wa ligi hiyo, toka Oktoba mpaka Aprili, una karibu miezi 6. Wangapi katika hawa wenye kupima dau kwa kanuni wamewahi kukaa na kalamu wakapima Zaka zao?

Ama elimu ya mchezo anayoitegemea, nayo ina ufa. Mwaka 1950 timu ya chuo cha City College cha New York ilichukua mashindano makubwa mawili ya vyuo kwa msimu mmoja, jambo lisilofanywa na timu nyingine. Mwaka uliofuata, 1951, ikadhihirika kwamba baadhi ya wachezaji wake, na wa vyuo vinginevyo, walikuwa wakipokea fedha za wacheza kamari ili wapunguze tofauti ya pointi. Aghalabu hawakuambiwa washindwe, waliambiwa washinde kwa uchache kuliko hesabu iliyowekwa. Mwaka 2007 ikajulikana kwamba Tim Donaghy, mwamuzi wa NBA, alikuwa akitia dau na kuwapa wengine khabari za michezo, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Na mwezi wa Aprili mwaka 2024 mchezaji Jontay Porter wa timu ya Toronto alifukuzwa katika ligi maisha yake yote kwa kuwapa wacheza kamari khabari zake za siri na kujitoa uwanjani mapema. Mahkamani alikiri, na sababu ilikuwa madeni ya kamari. Haya yote yalitokea baada ya watu kusema kwamba mchezo ni safi. Na toka Mahkama Kuu ya Marekani ilipoibatilisha mwaka 2018 sharia ya mwaka 1992 iliyokuwa ikizuia kamari hii katika majimbo mengi, majimbo zaidi ya 30 yameiruhusu. Na michezo hiyo yafika mpaka pwani hii.

Yafika saa gani? Mchezo uanzao saa moja ya usiku New York, wakati wa baridi, huwa ni saa tisa ya usiku Mombasa, Lamu na Unguja. Hiyo ndiyo thuluthi ya mwisho ya usiku. Mchezo una dakika 48 za kucheza, lakini kwa kusimama na kupumzika huchukua zaidi ya saa mbili, na siku hizi simu hupokea dau jipya katikati ya mchezo, hata kwa kila kikapu. Mwadhini wa Alfajiri humkuta mtu macho, yaani macho ya simu, roho yake ikiwa katika robo ya nne. Katika Sura ya Al-Maida, Aya ya 91, zimetajwa khatari za ulevi na kamari kwa mpango wake: uadui na chuki baina ya watu, kisha kuzuiliwa na kumdhukuru Mwenyezi Mungu na Sala. Waliosoma Aya hiyo zamani walipata kuona la kwanza kwa macho. Watu wa zama hizi wanaona la pili.

Sasa lije neno la sharia. Kamari waliyokuwa wakiicheza Waarabu wa Jahiliya, iitwayo maysir, haikuwa mchezo wa wahuni. Wafasiri, na Zamakhshari mmoja wao, wameeleza namna yake. Wakati wa dhiki na baridi walinunua ngamia wakamchinja, na wakaleta mishale 10. Mishale 7 ina mafungu, wa kwanza fungu moja, wa pili mawili, mpaka wa saba mafungu 7, jumla 28. Na mishale 3 haina kitu. Huchanganywa katika mfuko, na mtu mwaminifu huutoa mmoja mmoja kwa majina ya wachezaji. Aliyetokewa na mshale mtupu hakupata nyama, na thamani ya ngamia ilikuwa juu yake. Na waliopata nyama hawakuila: waliwagawia masikini, wakajifakhiri kwa hilo, na asiyeingia katika mchezo wakimwita bakhili.

Mwenye akili na azingatie. Kiasi kilikuwa kimejulikana, mshika mishale alikuwa mwaminifu, na faida yote ilikwenda kwa wenye njaa. Kamari safi kuliko hiyo haijapata kuonekana duniani. Na Sura ya Al-Bakara, Aya ya 219, ilikubali kwamba ina manafaa kwa watu, kisha ikasema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manafaa yake. Na Al-Maida 90 ikaja kuikata kabisa. Basi anayetoa hoja kwamba kampuni ya kamari huwanunulia vijana mipira na jezi, au hujenga kisima, ajue kwamba hoja hiyo ilikwisha letwa na watu waliotoa zaidi, na haikukubaliwa.

Ama kiasi kidogo, Mtume (s.a.w.) katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira amemtaka atoe sadaka yule aliyemwambia mwenziwe tu: njoo tucheze kamari. Hakucheza bado, wala dau halijawekwa. Neno peke yake limelazimu sadaka. Na wanavyuoni wakazungumza juu ya kiasi cha sadaka hiyo. Al-Khattabi alisema kwamba atoe kadiri ya kile alichotaka kukichezea. Imamu Nawawi, katika sherehe ya Sahihi Muslim, akapendelea kwamba haikufungwa kwa kiasi hicho, bali atoe kilichomwepesikia. Hapo ndipo wanavyuoni walipolitaja dau kwa kiasi chake, nalo limetajwa kwa kutolewa sadaka.

Akisema: Lakini sharia imeruhusu zawadi katika mashindano. Huambiwa: Ndiyo, na mlango wake una mipaka. Hadithi imetaja ngamia, farasi na mishale, mambo ya kujiandaa kwa vita. Na katika Minhaj ya Nawawi, kitabu ambacho darsa za pwani hukijua, yameelezwa masharti: zawadi ikitolewa na mtawala, au na mmoja wa washindani, inasihi, wakitoa wote wawili haisihi, ila aingie baina yao mtu wa tatu mwenye farasi aliye sawa na wao, asiyetoa kitu, akishinda achukue na akishindwa asilipe. Kwa nini wa tatu? Ili mambo yatoke katika sura ya kamari, ambayo ni kila mmoja kuwa baina ya kupata na kulipa. Haya yote ni katika wale wanaopanda farasi wenyewe. Mtazamaji aliyekaa kitandani Malindi, akaweka fedha juu ya mbio za mtu wa Boston asiyemjua, hakutajwa katika mlango huo hata kwa ishara.

Yuko atakayeleta kisa cha Sayyidna Abubakar, nacho ni kisa sahihi katika asili yake, kimepokewa na Tirmidhi. Waajemi walikuwa wamewashinda Warumi, wakatwaa Dameski mwaka 613 na Yerusalemu mwaka 614, na mushrikina wa Makka wakafurahi. Ikashuka Sura ya Ar-Rum kwa khabari kwamba Warumi watashinda katika miaka michache. Abubakar akawekeana dau na mushrikina. Riwaya zimekhitalifiana katika muda na kiasi. Katika zile walizozitaja wafasiri, alipatana na Ubayy bin Khalaf kwa ngamia 10 na miaka 3, na Mtume akamwambia kwamba lile neno la uchache katika lugha ni toka 3 hata 9, basi azidishe muda na azidishe dau. Ikawa ngamia 100 kwa miaka 9. Warumi wakaanza kurudisha mambo mwaka 622, na mwezi wa Desemba mwaka 627 wakawavunja Waajemi karibu na Ninawi.

Hapa, atasema kijana, dau limezidishwa kwa sababu elimu imethubutu. Ndiyo kanuni ya Kelly hasa! Maneno yake yana sura ya haki. Lakini elimu ya Abubakar haikuwa sehemu 55 katika 100. Ilikuwa wahyi. Na mambo hayo yalikuwa kabla ya kuharimishwa kamari, kama ilivyotajwa katika riwaya yenyewe. Na katika riwaya ile ya wafasiri, Abubakar alipowapokea ngamia kwa warithi wa Ubayy akawaleta, aliamrishwa awatoe sadaka. Aliyekuwa na yakini isiyo shaka, aliyecheza kabla ya katazo, na aliyeshinda, hakubaki na ngamia hata mmoja. Anayetaka kukifuata kisa hicho na akifuate mpaka mwisho wake.

Yabaki ya mtu aliyekwisha ingia naye ataka kutoka, nayo ni muhimu kuliko mabishano. Fedha aliyoiweka katika hesabu yake ya kampuni na haijachezwa ni mali yake. Aitoe na aifunge hesabu hiyo siku hiyo hiyo, asingoje mchezo wa mwisho. Alichopata zaidi ya rasilimali yake si chake. Akiwa alicheza na watu awajuao, wa barazani au wa kazini, awarudishie. Akiwa hamjui mwenyewe, kama ilivyo katika kampuni ambazo fedha za maelfu zimechanganyika, Imamu Ghazali amesema, na Nawawi akalinukuu katika Majmuu, kwamba mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe hutumiwa katika maslaha ya Waislamu au hupewa mafakiri. Aitoe kwa nia ya kujitakasa nayo, wala asiiite sadaka yake.

Madeni ni ya namna mbili. Aliyeshindwa na mwenziwe katika kamari akabaki kudaiwa dau, hilo si deni katika sharia, kwa kuwa mapatano yake ni batili, na anayelidai hana haki. Lakini aliyemwendea jirani, au dukani, au katika mikopo ya simu, akakopa kisha akacheza, deni la rasilimali hiyo lipo shingoni mwake kama mkopo wowote. Mkopeshaji hakumwambia akacheze.

Na liko deni ambalo wengi hawalihisabu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii chakula cha mke kimepimwa: mwenye wasaa mudi 2 kwa siku, wa kati mudi 1 na nusu, mwenye dhiki mudi 1. Mume asipokitoa kikapita wakati wake, hakianguki. Huwa deni juu yake, hata kama kadhi hakuhukumu, kinyume cha matumizi ya watoto na wazazi, ambayo hupita kwa kupita siku zake ijapokuwa dhambi ya kuyazuia hubaki. Basi mtu aliyekuwa akiwaambia watu wa nyumbani kwamba mwezi huu mambo hayakukaa vizuri, ilhali sehemu 2 katika 100 zilikuwa zikienda kila usiku, achukue lile daftari lake la michezo alilolipanga kwa tarehe, alisome upya, na kila siku ambayo posho ilipungua aandike mbele yake ni mudi ngapi. Hiyo jumla ni ya mkewe. Akimsamehe kwa ridhaa yake, bila ya kuonewa haya wala kutishwa, imeanguka. Asipomsamehe, alipwe, kidogo kidogo ikiwa hana, na lau amekufa, walipwe warithi wake.